Simu ya Humaid na Posa ya Lina

Novemba 16

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha leo hapa Chemchem, Tabora, na kumbikumbi wameingia mpaka kwenye birika la chai. Mimi wadudu hawa siwali wala siwatazami. Eustadia, jirani yangu wa ukuta mmoja, aliwakusanya kwenye ungo akawakaanga kwa chumvi palepale uani kwangu, anatafuna huku ananieleza faida zake mwilini. Nilikwenda nyuma ya choo nikatapika.

Lakini sikuanza kuandika kwa sababu ya wadudu. Mwanangu Humaid ameniletea hii shajara ya kampuni, ina jalada gumu na utepe wa kuwekea alama. Mimi niliishia darasa la saba, ila mwandiko wangu mwalimu alikuwa akiuzungusha darasani wenzangu wautazame. Nitaandika kifuku hiki chote, mpaka mvua ziishe, kwa sababu ni kifuku cha watoto wangu wawili. Humaid amemaliza kufunga simu zake, na Lina ameletewa posa kutoka Igunga.

Nieleze hizo simu, maana mtaa huu unazieleza ovyo. Humaid anafanya kazi kwa Bwana Erasmus, mnunuzi wa mpunga mwenye ofisi hapa mjini na maghala Igunga na Ziba. Mwanangu amewaletea kisanduku cheusi chenye taa za kijani, wenyewe wanakiita geti. Unaongea kwenye simu ya mezani, geti linaidaka sauti yako, linaibana iwe ndogo, linaipitisha kwenye njia ileile ya intaneti wanayopelekea habari za ghala. Upande wa pili kuna geti jingine, linaikunjua, inakuwa sauti tena. Alinifananishia na pamba: chumba kizima kinashindiliwa kuwa robota moja. Mafundi wengine kwenye njia kama ile wanapitisha simu sita au saba kwa pamoja. Yeye anapitisha kumi na mbili. Na maziwa aliyonyonya ni yangu.

Novemba 19

Mvua. Tope hadi kwenye mkeka wa kuswalia.

Novemba 23

Humaid amenifungia simu moja sebuleni, juu ya kabati la vyombo. Nyingine ameifunga Igunga kwa Bi Sheima, mama yake Hamoudi anayetaka kumwoa Lina wetu. Ofisi ya Erasmus kule imepangishwa kwenye kiwanja cha Bi Sheima, kwa hiyo waya umeruka ukuta tu. Bi Sheima ni mkubwa wangu, ukoo wake na wetu ulitoka Omani ukakaa huku bara siku nyingi. Alipasuliwa tezi la shingo mwaka jana, hasafiri. Nikasema basi, maneno yote ya posa yatapita kwenye simu ya mwanangu.

Lina akasema, "Mama, si tutumie simu za mkononi? Kila mtu anayo."

"Kila mtu anayo, ndiyo maana."

Humaid akajaribu kwa kumpigia Mayala, mlinzi wa ghala la Ziba. Mayala ni Msukuma aliyekua nyuma ya ng'ombe, sauti yake haijui kwamba kuna simu duniani. "MAMA SHIKAMOO," akanguruma, nikaiweka simu mbali na sikio. Kilichonipendeza ni usafi. Akinyamaza, husikii kitu. Si upepo, si mvua kwenye bati.

"Umeisafishaje hivi?" nikamuuliza Humaid.

"Nimeondoa takataka, mama. Mtu asipoongea, geti halipeleki chochote. Kuku wa Ziba wanakuja Tabora kufanya nini?"

Nilicheka mpaka machozi. Nikamweleza Eustadia ukutani, nikamwambia bidhaa za babu yetu zilipita njia ya misafara kutoka Kwihara mpaka Ujiji, na leo kitukuu wake anapitisha sauti.

"Zilipita kwa mabega ya nani, Mama Humaid?"

"Ya wapagazi."

"Ya babu zangu. Na mzigo ukiwazidi walikuwa wanautupa porini ule ambao mwenyewe hayupo karibu kugomba."

Yeye naye hakosi neno. Nilimpa sahani ya vitumbua.

Desemba 2

Leo nimempigia Bi Sheima kwa mara ya kwanza. Nimejifunga kanga mpya kana kwamba ananiona.

"Shikamoo dada Sheima."

Kimya.

Nikadhani hajasikia. Nikarudia, safari hii Eustadia anasema alinisikia kwake. Kimya. Nikangoja. Halafu sauti ikatokea kipande: "...Lina, hajambo?" Kumbe yupo. Kumbe anasikia, anachagua la kujibu.

Kukaa kimya na mtu mzima kwenye simu ni aibu, nikaanza kuongea. Nikamweleza Humaid alivyosoma, alivyofunga mageti matatu peke yake, Erasmus anavyompigia asubuhi kabla ya chai. Nikamweleza Lina alivyo na mkono mzuri wa kupika. Sikio likawaka moto. Mwisho nikampa Lina. Mtoto akainama, akasema, "Shikamoo mama," kwa sauti niliyomfundisha mwenyewe, maana msichana hapazi sauti mbele ya mama mkwe. Akangoja. Akanitazama.

"Labda ameondoka, mama."

"Yupo."

Desemba 6

Nimemwamkia tena, amemeza tena. Marahaba ina uzito gani mpaka ishindwe kutoka mdomoni? Hata mwendawazimu wa sokoni akiamkiwa anaitikia. Nimejisikia kama niliyekanyaga kinyesi cha mtu pekupeku.

Desemba 11

Kuna kelele Ziba. Wenye mpunga wa akiba wanaletwa ghalani waelewane bei na Erasmus kwa simu, na wengi wanaondoka na magunia yao. Mayala alimpigia Humaid hapa sebuleni, Humaid akaweka spika.

"Bosi, wazee wanasema tajiri ana dharau," Mayala akasema. "Mzee akieleza, msikilizaji aitikie. Anaeleza kidogo, eeh. Anaeleza kidogo, eeh. Sasa hapa mzee anaeleza, kule kama kaburini. Mzee anaweka simu chini anasema, huyu hanioni mtu."

"Waambie waongee tu wamalize," Humaid akasema. "Wasisubiri kuitikiwa."

"Bosi, usipoitikiwa unaongeaje?"

Nikacheka. Mtu na ndevu zake anataka kuitikiwa kama mtoto. Watu wa porini wana visa. Humaid hakucheka. Aliinuka akaenda kulitazama geti lake chumba cha uani, akakaa huko mpaka chakula kikapoa.

Desemba 14

Majongoo. Ukutani, kwenye ndala, kwenye sufuria ya maziwa. Nimemwaga maziwa.

Desemba 21

Leo nimechefukwa na binadamu.

Hamoudi amemwandikia Lina kwenye simu yake ya mkononi. Anasema, kwa adabu, mama yake amesikitika kwa sababu Lina hamwamkii. Akipewa simu ananyamaza. Anayesikika nyumba nzima ni mama mtu.

Lina alinisomea huku analia. Yule mtoto ameamkia kila mara, nimesimama pembeni nikimshuhudia, kichwa kimeinama, mkono uko kifuani. Anayemeza marahaba za watu ndiye huyohuyo anayesema haamkiwi. Nikapiga palepale.

"Dada Sheima, shikamoo, na najua hutaitikia. Mwanangu nimemlea mwenyewe. Ukisema hakuamkii, unaniita mimi mwongo."

Kimya kirefu, kile kimya safi cha Humaid. Kisha vipande: "...sijamsikia..." na tena, "...wewe Semeni..."

"Mimi Semeni unanisikia, yeye humsikii? Tumekaa chumba kimoja, simu moja."

Simu ikakatwa. Nilikwenda kunawa mikono kwa sabuni, sijui hata nilikuwa naosha nini.

Humaid alikuwa anakula. Nikamweleza yote. Akasema, "Watu wa Igunga wana maneno mengi," akaendelea kula.

Desemba 25

Eustadia ametuletea kuku wa sikukuu yake, na mimi nimempelekea halua. Kumbe Erasmus naye amekuja kula kwetu. Yule mtu anakula kwa mikono yote miwili, akamaliza akafuta vidole kwenye kitambaa changu cha meza, nilichofuma mwenyewe kwa uzi mweupe. Kisha akachokoa meno kwa njiti ya kiberiti akaiacha kwenye sahani.

"Mama, huyu kijana wako," akasema. "Kumi na mbili kwenye njia moja. Mwezi wa pili wanakuja watu wa Shinyanga waone, wana maghala mengi kuliko mimi. Wakikubali, huyu si wa kuvaa ndala tena."

Nikamsamehe kitambaa.

Januari 9

Ami yake Hamoudi amepita Tabora kwa shughuli zake, akaja kwetu. Tangu anavua viatu nilijua.

Lina alimletea kahawa. Akapiga goti. "Shikamoo ami."

"Marahaba binti yangu," akasema, halafu akamtazama muda, kama mtu aliyeuziwa kitu tofauti na alichoelezwa. Lina alipotoka, akasema peke yake, "Mbona salamu anazo."

"Anazo tangu kuzaliwa," nikamwambia.

"Basi kule kwenye simu kuna nini?"

"Kamuulize shemeji yako."

Akanywa kahawa yote kabla ya kusema kilichomleta. Mambo yasimame kwanza. Shemeji yake moyo umeingia ubaridi, binti hana salamu na nyumba ina kishindo. Ramadhani iko mlangoni, na kama hakuna jipya mpaka mfungo uingie, basi kila mtu amtafutie mwanawe kwingine. Alisema vizuri, mtu wa heshima yule.

Humaid alikuwa amesimama mlangoni. Nikamwambia, sema na wewe, baba yenu hayupo, wewe ndiye wali wa dada yako, wa kumwozesha. Akasema ngoja akapokee simu. Sikusikia simu yoyote ikilia.

Januari 12

Mvua. Lina hali chakula.

Januari 15

Ukuta wa jiko umeanguka upande wa chooni. Harufu imeingia kwenye nguo, kwenye mito, kwenye chumvi. Nguo hazikauki. Naichukia Igunga, nawachukia wanawake wenye shingo ndefu, nachukia vyura.

Januari 18

Eustadia ameniambia nimpigie Bi Sheima kwa simu ya mkononi, nimalize. Nimemwambia nitalala na majongoo kwanza.

Januari 24

Naandika polepole nisiruke neno.

Humaid amekwenda Ziba tangu jana. Mchana mvua ilikuja ya upepo, nikasikia maji yanadondoka kwenye chumba chake cha uani. Nikakimbilia huko kufunika vitu vyake. Bati limetoboka juu ya meza, na mezani kuna simu ya kujaribia, ile ambayo sauti inakwenda mpaka Igunga ndipo irudi. Nilihitaji ndoo. Kupiga kelele kwenye mvua ile ni kazi bure, na kusema kweli nilitaka kuitumia simu ya mwanangu. Nikapiga sebuleni kwangu mwenyewe.

Dirisha la chumba kile linatazamana na dirisha la sebule, uwanja mdogo tu katikati. Nikamwona Lina anakuja kwenye kabati, anainua simu. Nikaona midomo yake inasema, "Abee mama."

Sikioni hakukuwa na kitu.

"Lina, leta ndoo."

Midomo ikatikisika. Sikioni kimya. Kile kimya safi, nilichokicheka mwezi wa kumi na moja.

"Lina, unaongea?"

Akatikisa kichwa kukubali, akaongea tena, namwona anaongea, mkono wake uko kifuani kama nilivyomfundisha. Hakuna kitu.

"Paza sauti."

"NIMESEMA NALETA, MAMA," na sauti ikaja safi kama yumo ndani ya sikio langu.

Nikamwambia asilete ndoo. Nikamwambia aseme shikamoo kama anavyomwamkia Bi Sheima. Nikamtazama dirishani mwanangu anatoa adabu zake zote, na ile mashine haikumpeleka hata nukta. Tulirudia mpaka maji yakajaa mezani. Akiropoka, anapita. Akisema kama binti wa watu, hapiti.

Halafu nikakumbuka nani alikuwa anapita siku zote. Mimi. Kila neno langu lilifika Igunga likiwa safi, bila mvua wala kuku.

Januari 25

Humaid amerudi na tope hadi magotini. Nilimwacha aoge. Kisha nikamweleza nilichokiona, nikijua atashtuka.

Hakushtuka. Alikaa kwenye kigoda akaanza kukwangua tope la kucha.

"Kuna kipimo cha sauti, mama," akasema. "Sauti ikiwa chini ya kipimo, geti linaona ni kimya, linaitupa. Mimi nimekipandisha juu."

"Kwa nini?"

"Ili zipite kumi na mbili. Kimya hakichukui nafasi."

"Ulijua lini kwamba kinatupa watu?"

"Siku ile Mayala alipopiga."

Nikahesabu moyoni. Kabla Hamoudi hajaandika. Kabla mimi sijagombana na mwenzangu.

"Ami yake Hamoudi alipokaa hapo ulipokaa wewe, ulikuwa unajua."

Akakwangua kucha.

"Kishushe."

"Nikishusha zitapita saba. Erasmus ameshawaambia watu wa Shinyanga kumi na mbili, wanakuja tarehe kumi. Wakishaondoka nitashusha, wallahi."

"Mfungo utakuwa umefika mlangoni. Na dada yako?"

"Mama, posa zipo nyingi."

Alisema hivyo mwanangu, bila kuinua macho, kwa sauti ya mtu anayezungumzia magunia. Na Lina alikuwa jikoni, mlango wazi.

Nimeona kinyaa na kumbikumbi, na majongoo, na njiti ya Erasmus kwenye sahani yangu. Sikujua kwamba mtu anaweza kumwonea kinyaa mtoto aliyemzaa. Nilitazama vile vidole vyake, ambavyo nimevisifu mtaa mzima, na nilitamani aviondoe mbele yangu. Halafu nikaenda nikampakulia wali, kwa sababu alikuwa na njaa. Sikumwangalia akila.

Januari 27

Eustadia aliniuliza kulikoni, siku ya pili hii simtaji Humaid. Nikamwambia koo linauma.

Februari 1

Nimenunua asali ya nyuki wadogo na nimemwambia Lina atoe kanga zake sandukuni. Kesho tunakwenda Igunga. Humaid akauliza tunakwenda kwa nani. Nikamjibu, kwa watu.

Februari 3

Tulifika jana, Nzega kulikuwa na mvua na Igunga kavu kabisa, vumbi. Bi Sheima alikuwa amekaa ukumbini, ana ushungi mweupe. Ile simu ya Humaid iko pembeni yake, ameifunika kitambaa cha kufuma kama watu wanavyomfunika kasuku.

Nikainama. "Shikamoo dada Sheima."

Midomo yake ikatikisika, na safari hii nilikuwa karibu. Nikasikia. Sauti nyembamba, kama karatasi inayokunjwa chumba cha pili: "Marahaba, mdogo wangu."

Akasogeza ushungi, nikaona kovu kutoka sikio hadi sikio. Tangu apasuliwe, sauti ndiyo hiyo. Hana nyingine.

Nikamweleza habari ya kipimo yote, sikumficha Humaid. Nilimwambia mwanangu alijua. Neno hilo lilikuwa gumu kutoka kuliko jino. Alisikiliza mpaka mwisho, na kila nikipumzika anaitikia, eeh, eeh, polepole. Nikawakumbuka wale wazee wa Ziba.

"Nilikuitikia kila mara," akasema. "Niliitikia mpaka shingo ikauma. Halafu wewe ukaendelea na habari za Humaid." Akapumua. "Nikasema mwanangu asiingie nyumba yenye mtu mmoja tu anayeongea."

Nilikuwa na majibu matatu. Niliyafungia mdomoni kwa tende aliyonikaribisha.

Kisha Lina akapiga goti, akamwamkia. Bi Sheima akaitika, akamvuta akae karibu. Wakaanza kuongea wawili wale, sauti zao chini, na mimi niko umbali wa mkono nisisikie hata neno moja. Lina akacheka. Sijamsikia akicheka tangu Desemba. Sikuuliza wanasema nini, na Mungu anajua nilitaka.

Tulipokuwa tunaaga, Bi Sheima akanishika kiganja.

"Binti nimempenda. Ila wali wake ni kaka yake, yeye ndiye atakayempa Hamoudi mkono siku ya nikahi. Mkono wa mtu aliyeona mwenzake anafunikwa akanyamaza, siutaki uguse wa mwanangu. Humaid aniamkie kwa simu yake hiihii, nimwitikie kwa sauti yangu hiihii, asikie. Iwe kabla ya mfungo. Akishindwa, hakuna nikahi."

Februari 5

Nimempa Humaid maneno ya Bi Sheima kama yalivyo. Anasema tarehe kumi na moja. Nikamwambia hujaambiwa upange tarehe, na wageni wakishakubali kumi na mbili hutashusha tena. Anasema mama huelewi kazi. Kwa kweli sielewi kazi ya namna hiyo.

Februari 8

Kwa mara ya kwanza tangu mwaka uingie Humaid amenibembeleza. Watu wa Shinyanga watakaa ofisini kwa Erasmus, na simu kumi na mbili zitapigwa kwa pamoja kutoka Igunga, Ziba na kwetu. Anataka mmoja wa wanaoongea niwe mimi. "Sauti yako inapita vizuri sana, mama. Uwakaribishe Tabora, uwaeleze kidogo habari za mtambo."

Nikamwambia sawa.

Februari 10

Nilivaa ile kanga mpya. Lina alikaa karibu yangu. Simu ikalia, nikainua, nikamsikia Erasmus anatangaza kama mtu wa mnadani: "Na huyu ndiye mama mzazi wa fundi wetu. Mama, karibu uongee na wageni."

Nikaweka mkono kifuani. Nikasema, kwa sauti ya binti aliye mbele ya mama mkwe, "Salaam alaykum, wageni wetu. Karibuni Tabora."

Erasmus akasema, "Mama? Upo?"

"Nipo, baba. Nawakaribisha."

"Mama Humaid, ongea."

Nikaongea, kwa sauti ileile ya chini. Niliwaeleza habari za mtambo kama nilivyoombwa. Niliwaeleza kuhusu Bi Sheima na kovu lake, kuhusu wazee wa Ziba na magunia yao, kuhusu mwanangu aliyebana sauti mpaka akabana na watu. Sijawahi kuongea vizuri vile maisha yangu, na hakuna aliyenisikia isipokuwa Lina. Kule nikasikia mgeni mmoja anauliza, "Mbona huyu hayupo?" na Erasmus anasema, "Humaid, hii ni nini?" na Mayala kutoka Ziba, maana simu zote zilikuwa wazi, ananguruma, "MNAONA? NDIYO HIYO NILIYOKUWA NASEMA."

Nikaweka simu chini taratibu. Nilikuwa nimemvua nguo mwanangu mbele ya watu.

Februari 11

Humaid hakulala nyumbani. Watu wa Shinyanga wameondoka wakisema watafikiri. Erasmus amenipigia simu ya mkononi kuniuliza kama ninaumwa. Nimemwambia mimi mzima, na njiti za kiberiti si za kuacha kwenye sahani za watu.

Februari 13

Amekuja asubuhi, macho mekundu. Hakunisalimia. Akapita moja kwa moja chumba cha uani, nikamsikia anabonyeza kompyuta yake. Mvua ilikuwa imekatika na jua limetoka, ukuta wa jiko unafuka mvuke. Baada ya muda akaja sebuleni, akavua viatu, akaweka simu kwenye spika, akapiga.

"Shikamoo mama Sheima," akasema. "Ni Humaid."

Nilishika ukingo wa kabati. Kile kimya cha kaburini hakikuja. Kulikuwa na kitu kama pumzi, kama chumba cha mtu. Bati la Igunga linagongwa na mvua nyepesi. Mlango unalia mahali. Kuku wa Bi Sheima, ametaga huyo, anajitangaza uani. Na chini ya yote hayo, nyembamba, imekunjika, kamili:

"Marahaba, mwanangu."

Humaid akainamisha kichwa. Bi Sheima akamngoja. Tulimsikia akimngoja.

"Mama, nilijua," Humaid akasema mwisho. "Nilijua nikanyamaza."

"Eeh," akasema Bi Sheima. "Eeh."

Lina alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Akageuka akarudi jikoni, na leo, kwa mara ya kwanza tangu asikie "posa zipo nyingi", alimpakulia kaka yake yeye mwenyewe.

Februari 16

Nikahi ni Mfunguo Mosi, baada ya Idi, Igunga. Mfungo unaingia wiki hii, mwezi ukionekana. Sijamsamehe Humaid sawasawa. Nikiona vidole vyake kwenye sahani bado natazama pembeni, halafu najilazimisha nitazame. Erasmus amembakiza kazini kwa kununa. Mayala anasema wazee wa Ziba wameanza kurudi na magunia yao.

Jioni Eustadia aliniita ukutani. Kulikuwa na kumbikumbi wengine, ungo wake umejaa.

"Nasikia simu za mwanao zimepungua."

"Zinapita saba."

"Zilikuwa kumi na mbili, Mama Humaid. Mtaa mzima uliambiwa."

"Saba," nikamwambia, "na kuku wa Igunga."